Afande wa Hapana Gusa

Katika ua wetu wa Old Kampala hakuna aliyeweka apdeti kwenye simu yake bila kumuuliza Afande kwanza. Simu ikishaleta ujumbe kwamba toleo jipya la programu liko tayari, mwenye simu alipita chini ya kamba za nguo, akatokea barazani mbele ya duka letu la vitambaa, akamkuta Afande kwenye benchi lake, shati limepigwa pasi hadi mikono ina makali.

"Afande, wameleta apdeti. Niweke?"

Aliichukua simu kwa mikono miwili, akaisoma skrini taratibu huku midomo ikichezacheza, akaigeuza nyuma kuangalia kama imepasuka popote, kisha akairudisha.

"Ngoja kwanza. Hapana gusa."

Mama yangu alikuwa akimsahihisha kutoka ndani ya duka. Wazee wetu walifika Kampala na misafara ya biashara kutoka pwani, na mama anakilinda Kiswahili cha nyumbani kwao kuliko anavyolinda vyombo vyake vya udongo. "Sema usiguse, Afande! Hapana gusa ni lugha gani?" Afande hakumjibu hata siku moja wala hakubadilisha neno. Sote tulidhani ni ukaidi wa kipolisi.

Jina lake alikuwa nalo, lakini halikutumika. Mama alimwita Afande, muuza makaa alimwita Afande, mkewe mwenyewe alimwita Afande, hata wakigombana. Alikuwa amefanya kazi ya redio katika polisi karibu maisha yake yote ya kazi, yaani yeye ndiye aliyekaa na vipokea sauti masikioni akisikiliza vituo vingine na kuwajibu. Alipostaafu walitoka kambini, yeye na mkewe Mama Zaina, wakapanga vyumba viwili nyuma ya duka letu. Mimi nilikuwa bado navaa sare ya shule. Yeye alikuwa mtu wa kaskazini na Mkatoliki. Mama Zaina alikuwa Mnubi wa Bombo na Mwislamu. Kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya ndoa. Cha Mama Zaina kilikuwa kirefu na chenye kelele. Cha Afande kilikuwa cha kambini, kifupi, kila neno limesimama peke yake.

Sheria zake kuhusu apdeti hazikuandikwa popote, lakini sote tulizijua. Haiwekwi siku iliyotoka. Waache wengine watangulie. Haiwekwi asubuhi ya safari, wala siku unayosubiri simu ya mtu. Simu yenyewe ikisema nusu chaji inatosha, Afande alitaka themanini. Kabla ya kubonyeza, namba za watu wako ziandikwe kwenye karatasi, kwa kalamu, na karatasi hiyo iwekwe mbali na simu, kana kwamba simu ingeweza kuila. Kazi ikishaanza, simu inalazwa juu ya kitu bapa, skrini juu, na mikono inakaa mapajani mpaka mwisho.

Nakato, mwenye saluni ya jirani, alimpuuza mara moja. Jumamosi asubuhi, akimsubiri bi harusi, aliuona ujumbe wa apdeti akabonyeza huku anakunywa chai. Simu ikazimika, ikawaka, ikazimika tena, ikabaki na duara linalozunguka tu. Bi harusi alikuwa amepotea njia, anapiga, Nakato hapatikani. Yule bi harusi akaingia saluni nyingine. Nakato alikuja mbio barazani ameinua simu juu, Kiganda na Kiswahili vimemchanganyikia.

"Banange, Afande! Simu yangu imerara!"

Afande aliitazama ile simu, akamtazama Nakato usoni, akamsogezea nafasi kwenye benchi. Hakumlaumu. Walikaa pamoja karibu saa nzima wakilitazama lile duara, na Nakato akamweleza habari za bi harusi, kisha za msichana wake wa kazi aliyeacha kazi bila kuaga, kisha za mama yake anayeumwa Masaka. Simu ilipowaka, Nakato alikuwa ameshalia na ameshanyamaza.

"Yule mzee anajua kusikiliza," aliniambia siku hiyo. "Hakunikata neno hata mara moja."

Hilo la kusikiliza ndilo lililomfanya awe mtu mkubwa pale kwetu, kuliko hata mambo ya simu. Watu walikuja na simu wakaondoka wamesema ya moyoni. Alikuwa hakuulizi swali. Alikuangalia usoni, hasa mdomoni, bila kupepesa, mpaka ukajiona ndiye mtu pekee Kampala nzima.

Hakuwa mtakatifu. Kila Jumapili alipanda kwa miguu mpaka kanisani Lubaga, viatu vinang'aa, na akirudi alimsimulia Mama Zaina mahubiri kwa sentensi moja. Lakini mwezi wa Ramadhani, ili asile mbele ya mkewe aliyefunga, alijificha kwenye duka letu mchana, nyuma ya majora ya vitenge, akala chapati na maharage amepiga magoti. Mtu aliyetuhubiria utaratibu mwaka mzima! Mama yangu, naye amefunga, alilazimika kuinusa ile harufu. "Afande, wewe ni mtihani," alimwambia, na Afande akampungia mkono kwa furaha.

Na mara nyingine alikosea. Mume wangu Jamal, ambaye ni mwalimu wa sekondari, aliambiwa angoje na akangoja kwa utiifu, miezi na miezi, mpaka siku programu ya meseji ilipokataa kufunguka kabisa kwa sababu simu imepitwa. Wazazi wa wanafunzi walikuwa wanamwandikia na yeye haoni kitu. Alipompelekea Afande, yule mzee aliikagua simu pande zote.

"Ulingoja vibaya," alisema.

Jamal anacheka mpaka leo.

Sheria hizo zilitoka wapi, nilielezwa mara moja tu. Ilikuwa siku ya mvua kubwa, baraza limelowa, Afande ameingia dukani akakaa kwenye mifuko ya vitambaa. Aliniambia kwamba alipokuwa kijana, katika kituo kimoja cha mbali, waliletewa redio mpya. Mkubwa wao akaamuru ya zamani izimwe palepale na mpya iwashwe. Afande aliomba zikae zote mbili kwa wiki moja. Akaambiwa afunge mdomo. Siku hiyohiyo gari la wenzake lilipinduka njiani, wakawa wanaita, wanaita, na ile redio mpya haikupokea chochote. Walikuja kupatikana jioni na mtu aliyepita na baiskeli.

"Kuna aliyekufa, Afande?" nilimuuliza.

Alikuwa anatazama nje. "Ndiyo, mvua ya leo kubwa," alisema.

Niliona hataki kulisema. Nikakata kitambaa nilichokuwa nakikata, na kwa miaka kadhaa nilibeba moyoni maiti ya polisi mmoja nisiyemjua.

Yangu mwenyewe nilimpelekea nikiwa na miaka ishirini na sita. Mfanyabiashara mmoja wa Mombasa, rafiki wa mjomba, alikuwa ameniposa. Hakuwa mtu mbaya, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yangu. Sikuwa na sababu ya kumkataa ambayo ningeweza kuitamka mbele ya wazee. Mama alikuwa ameshaanza kuchagua vitambaa. Asubuhi moja nilikaa kwenye benchi kando ya Afande nikasema kila kitu kwa sauti ya chini, kwa sababu mama alikuwa ndani. Nilimwambia sitaki kuondoka Kampala. Nilimwambia naogopa kumwaibisha mama. Nilimwambia mambo ambayo sijamwambia Jamal mpaka leo. Alinitazama mwanzo mpaka mwisho.

"Ngoja kwanza, binti," alisema. "Hapana gusa."

Basi nikaomba miezi mitatu. Katika miezi hiyo nilipata ujasiri wa kukataa, mjomba akanuna, mama akalia siku mbili kisha akayarudisha majora kwenye rafu. Jamal alikuja miaka miwili baadaye. Kwa hiyo mtu akiniuliza nani aliyenisaidia kupata maisha yangu, nilikuwa namtaja mzee wa kwenye benchi.

Sasa nieleze habari ya Mulago, kwa sababu hapo ndipo mambo yalipogeuka.

Mwaka jana Mama Zaina alilazwa Mulago kupasuliwa mtoto wa jicho. Kila mchana Afande alimpelekea uji kwenye chupa ya chai, akakaa naye, akarudi jioni. Siku ya tatu asubuhi Mama Zaina aliruhusiwa kutoka. Akampigia simu mumewe, akamwambia aje getini saa nne amchukue, kwa kuwa jicho limefungwa bandeji na jingine lenyewe halioni vizuri.

Afande alipokea simu kama alivyozipokea zote. "Nakupata, endelea." Akasikiliza. "Roja. Roja, roja," kwa lugha ya redio, yaani ujumbe umefika. Akakata.

Mama Zaina alikaa nje ya geti kuanzia saa nne mpaka saa nane. Alipiga tena na tena; simu iliita chumbani huku mwenyewe yuko barazani. Mwishowe alimwomba mama mmoja aliyekuwa amekaa naye ampigie mama yangu, na mimi, bila hata kumtafuta Afande, nikaenda na gari la jirani. Nilimkuta kwenye kivuli cha ukuta, mkoba mapajani, mikono yote miwili juu yake.

"Niliongea naye mwenyewe, Rukia," aliniambia njiani. "Kwa mdomo wangu huu. Akasema roja."

Tulipoingia uani, Afande alikuwa anatoka. Amevaa viatu vyake vya Lubaga, chupa ya uji mkononi. Alisimama. Mama Zaina alimpita kama anavyopita mlango.

"Nilisahau," Afande alisema.

Lilikuwa jibu la ajabu, na niliona hivyo palepale. Mtu huyu alikumbuka namba za simu za watu waliohama zamani. Na mtu aliyesahau kwamba mkewe ametoka hospitali hawezi kuwa anampelekea uji. Lakini Mama Zaina hakuiona ile chupa, na mimi sikusema. Hayakuwa yangu, nilijiambia.

Kwa wiki tatu Mama Zaina hakumsemesha. Aliyekuwa na sauti ya kusikika mpaka barabara ya juu sasa aliweka sahani mezani na kuondoka. Ua mzima ulikuwa na kimya ambacho hatukukizoea. "Nimekaa kambini, nimemlea mtoto, nimefunga na yeye amekula," alimwambia mama yangu, "lakini kuniacha pale kama mzigo ulioshushwa, hapana."

Jumanne moja asubuhi, nikiwa ndiyo kwanza nafungua duka, Afande aliingia. Hakukaa benchi. Alikuja moja kwa moja kaunta, akaweka simu yake juu ya kitambaa, na kando yake akaweka kiboksi cheupe.

"Kuna apdeti," alisema. "Iko hapa miezi mitano."

Nilicheka. Nilidhani ananitania. "Miezi mitano, Afande? Hata Jamal hakungoja hivyo. Wewe hukuwahi kuiweka?"

Hakucheka. Alikuwa ananitazama mdomoni. Kisha akafungua kiboksi. Ndani, kwenye sponji, vililala vitu viwili vidogo vya rangi ya mchanga, kila kimoja na kimrija chembamba.

Nilivijua; shangazi yangu alikuwa navyo. Ni vile vya kuweka masikioni mtu asiyesikia.

"Zaina," alisema. Zaina ni binti yao, muuguzi Nairobi. "Alipokuja Idd alinipeleka kupimwa. Akaleta hii. Anasema inashikana na simu, mtu akipiga anaingia hapa moja kwa moja. Lakini simu yangu ni ya zamani ndani. Bila apdeti haioni hii kitu." Akafunika kiboksi kwa kiganja. "Nilimkataza kumwambia mama yake."

Nilisogea karibu, nikasema polepole ili anione midomo. "Siku ile ya Mulago."

"Nilisikia sauti yake. Nilijua ni yeye. Maneno hapana." Aligusa sikio la kushoto. "Hii imekufa zamani. Hii nyingine imebaki kidogo. Mimi nikadhani anasema mgonjwa wa kando yake amekufa, au anataka sukari kwa uji. Nikasema roja. Nikaweka sukari."

Nilivuta kigoda nikakaa.

"Kwa nini ulimwambia umesahau?"

"Mume anasahau. Hiyo kawaida. Mtu wa redio asiyesikia, huyo ni nini?" Alisema hivyo bila kujihurumia, kama anayeuliza kweli.

Mambo yalinijia kwa fujo. Mama yangu akimsahihisha kila siku. Nakato na saa yake nzima ya machozi. Nikamuuliza kuhusu gari lililopinduka, siku ya mvua, nikirudia mara mbili mpaka akashika.

"Kufa? Hapana. Mmoja alivunja mguu. Alikuja kuwa mkubwa wangu." Akashangaa. "Kumbe uliniuliza?"

Kisha nikamuuliza langu mwenyewe. Nikasema: yule mtu wa Mombasa. Siku niliyokaa benchi.

Aliinamisha kichwa. "Binti, siku ile sikupata neno. Ulisema chini-chini."

"Lakini uliniambia ningoje! Nimekataa ndoa kwa sababu yako!"

"Niliona mdomo wako unatetemeka. Na mikono." Akainua yake, akaitikisa kidogo kunionyesha. "Kwa redio, mikono ikitetemeka, unaondoka kwa mashine kwanza. Hicho ndicho nilijua. Nikakupa hicho."

Sikujua nicheke au nikasirike. Nilisimama nikajifanya nanyoosha jora. Nakumbuka nilikasirika kwa muda wa kunyoosha mita mbili hivi. Halafu ikanijia kwamba kati ya watu wote walioyasikia maneno yangu kipindi kile, mjomba, shangazi, mama, hakuna aliyeiona mikono yangu.

"Sasa tunaweka apdeti?" nilimuuliza.

Alitazama simu. Alinieleza alivyokuwa ameisogeza mbele: baada ya Krismasi, baada ya Mwaka Mpya, baada ya jicho la Mama Zaina kupona. Kila sababu ilikuwa nzuri. Chaji haikuwa shida wala namba hazikuwa shida. Alichoogopa ni kwamba itakubali. Ikikubali, atavaa vile vitu, na kila mtu atajua amewajibu nini miaka hii yote.

"Leo," alisema. "Sasa hivi. Kabla sijaogopa tena."

Chaji ilikuwa tisini na moja. Tuliandika namba kwenye daftari la duka: Zaina, Mama Zaina, padri mmoja wa Lubaga, mimi. Akavuta pumzi akabonyeza mwenyewe, kwa kidole cha shahada, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Simu ikawa nyeusi, kisha mstari mwembamba ukaanza kusogea. Akaweka mikono mapajani. Mimi nikaweka yangu.

Mstari ulikuwa haujafika nusu Mama Zaina alipoingia kuazima mkasi. Aliona simu imelala, akaniona mimi na mumewe tumekaa kama watu wa msibani, kisha akaona kiboksi.

"Hiyo nini?"

Afande hakumsikia, lakini alikiona kivuli chake kwenye kaunta akageuka. Ningeweza kujibu mimi. Nilimwachia yeye.

"Mama Zaina," alisema Afande, na akasimama. "Siku ya Mulago sikusahau. Sikusikia. Mimi sisikii."

Mama Zaina alitafuta kitu cha kukalia akakaa juu ya mifuko ya vitambaa. Jicho lake lililopona lilikuwa limefunguka wazi. "Tangu lini?" aliuliza.

Afande akanitazama mimi, anatafuta msaada. Mama Zaina akaona jinsi alivyonitazama. Aliinuka, akamshika kidevu kwa vidole viwili, akaugeuza uso wake, akasema tena, polepole, na midomo yake ikatengeneza kila silabi.

"Tangu. Lini."

"Zamani. Zaina akiwa bado shule."

"Ya Rabbi." Alimwachia kidevu. "Zaina akiwa shule! Basi mimi nimekuwa nagombana na nani miaka yote hii?"

Nadhani mimi ndiye niliyeanza kucheka, Mungu anisamehe. Mama Zaina alinifuata, akicheka na kulia na kumpiga mumewe kwa mkono kifuani, mapigo madogomadogo. Yeye alisimama wima akayapokea. Mama yangu alitoka nyuma kuuliza kuna nini, na hakuna aliyeweza kumweleza.

"Ungeniambia," Mama Zaina alisema alipopata pumzi. Akakumbuka, akamgeukia tena usoni. "Ungeniambia! Ningekuwa napiga kelele kwa sababu."

Simu ikatoa mlio. Yeye peke yake hakuusikia.

Kuunganisha vile vitu kulituchukua muda mrefu kuliko apdeti yenyewe. Jamal alituelekeza kwa simu wakati wa mapumziko ya shule, nikakosea mara mbili, cha kushoto kikaonekana na cha kulia kikagoma, kisha vyote viwili vikatokea kwenye skrini na alama ya vema. Mama Zaina mwenyewe alimvisha. Akachukua simu yake, akatoka, akavuka barabara, akasimama upande wa pili mbele ya duka la vipuri. Tulimwona anapiga.

Simu ya Afande iliita. Alishtuka, akashika masikio yote mawili. Kisha akabonyeza.

"Nakupata," alisema. "Endelea."

Sijui mkewe alisema nini kule ng'ambo. Nilimwona tu anaongea, mkono mmoja umeziba sikio lake kwa kelele za boda, na nikamwona Afande anafumba macho.

"Nimepata yote," alisema. "Mama Zaina. Punguza sauti."

Hayo yalitokea kabla ya mvua za mwaka huu. Mabadiliko hayakuwa yote ya raha. Afande aligundua kwamba friji yetu inakoroma, kwamba mimi huimba nikikata kitambaa na siimbi vizuri, kwamba watu wa boda wanatukanana sana. Mama yangu alipomwambia tena kwamba hapana gusa si Kiswahili, alimgeukia na kumjibu kwa mara ya kwanza: "Mama, ungeniambia mapema." Na watu waliacha kumletea siri. Nakato alikuwa wa kwanza. Alipojua, alihesabu kwa vidole yale aliyomwambia na akafarijika kwamba hayakufika, lakini hakurudi kuyasema tena. Wanamletea simu bado, anawashauri, wanaondoka haraka. Zaidi ya mara moja nimemwona peke yake kwenye benchi, amevaa masikio yake, anasikiliza barabara.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa napanga mzigo mpya. Nimepanda kigoda, najaribu kupandisha majora kwenye rafu ya juu. Yeye aliingia kukimbia kelele za watu wanaochimba barabara, akakaa kwenye mifuko. Tulikaa hivyo, mimi na kazi yangu na yeye na yake ya kukaa. Na nikaanza kusema, uso nimeuelekeza kwenye rafu, kwa ile sauti ya chini niliyozoea kusema mbele yake tangu zamani.

"Nina mimba, Afande. Sijamwambia mama. Sijamwambia hata Jamal. Zile mbili za mwanzo zilitoka, na nikisema nahisi kama na hii naiambia itoke."

"Miezi mingapi?"

Karibu nianguke. Nilikuwa nimesahau kabisa. Nilishika rafu, nikageuka polepole, nikamkuta amesimama, kichwa amekiinamisha upande kidogo, ananitazama machoni.

"Mitatu," nilisema. "Na siku chache."

"Zile zilitoka mwezi ya ngapi?"

"Wa pili. Zote mbili."

Alifikiri. Nje mashine ya kuchimba ilinguruma, akakunja uso, akasogea karibu ili asinipoteze. Kisha akanipa mkono.

"Shuka," alisema. "Hiyo nabeba mimi."

Nilishuka. Alivua koti, akalikunja vizuri juu ya kaunta, akachukua lile jora kutoka mikononi mwangu akapanda kigoda. Magoti yake yalilia. Akalisukuma mpaka mwisho wa rafu, akashuka, akaenda kuchukua jingine. Yalikuwa majora thelathini na kitu. Nilikaa kwenye mifuko nikamweleza yote, jina tulilolipenda zamani mimi na Jamal, ndoto niliyoota, daktari alivyosema, na kila sauti yangu iliposhuka alisimama palepale alipo, jora begani, akangoja mpaka nimalize, ndipo akapanda.